Barua kwa Bibi wa Newala: nembo, unyago na mwili wa mwali

Leipzig, Ujerumani
15 Septemba 2024

Bibi yangu mpenzi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, pamoja na mjomba, mama mdogo na watoto wote wa pale nyumbani. Mimi ni mzima, baridi bado haijaanza kuuma, na kazi ya uuguzi inaendelea vizuri. Namwomba mama mdogo akusomee taratibu na asiruke mahali, hata pale atakapoona haya, kwa sababu mengi ya humu nisingethubutu kumwandikia mama mzazi. Kwako nathubutu, kwa kuwa ni wewe uliyeniambia kwamba bibi na mjukuu hawana la kufichana.

Mjomba alinipigia simu wiki mbili zilizopita akanitaka nichangie ngoma ya kitukuu chako Mwajuma, ambaye atachezwa unyago katika likizo ya Desemba, korosho zikishauzwa. Alinitajia gharama za mchele, vitenge, wapiga ngoma na bahasha ya kungwi. Sikukataa wala sikukubali. Nilimwambia kwamba jibu langu litapitia kwako, kwa kuwa mambo ya mwali ni ya wanawake hata pale ambapo fedha zake zinasimamiwa na mjomba. Jibu lenyewe ni hili, na limekuwa refu kwa sababu ya picha moja niliyoiona hapa.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, mtaalamu mmoja wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alishuka pwani ya Lindi, akapanda bara hadi Masasi na Newala. Alikuwa na kamera na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na kila alipopita alikusanya vitu vya watu, akapiga picha, akarekodi nyimbo na kuandika, zikiwamo habari za unyago wa wasichana. Vitu hivyo viliingia katika jumba la makumbusho la mji huu ninaoishi, ambalo baadaye alikuwa mkurugenzi wake, na kitabu cha safari yake kilichapishwa hapa hapa mwaka 1908. Nilikipata maktaba. Niliketi nacho mchana kutwa siku yangu ya mapumziko, nikisoma Kijerumani cha zamani kwa shida, hadi nikakuta picha ya mwanamke wa kwetu mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu na nembo, yaani chale za urembo, usoni. Bibi, mistari ya pembepembe iliyokuwa kwenye mashavu yake inafanana na yako kiasi kwamba nilitaka kumwamkia.

Chini ya picha nyingi za wanawake mle ndani limeandikwa kabila tu. Hakuna jina, hakuna binti ya nani, hakuna ukoo wa mama, jambo ambalo kwetu ndilo la kwanza kuulizwa. Mwanamke huyo hacheki wala hanuni. Anatazama kama mtu anayesubiri jambo limalizike. Nilijiuliza kama aliombwa. Mwenye kamera alikuwa na askari na bendera nyuma yake, na katika nchi iliyokuwa imetoka kuchomewa vyakula, neno la kukataa lilikuwa zito mdomoni.

Katika darasa la jioni ninalohudhuria tulijifunza habari za Sara Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini ambaye alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa kiingilio kwa sababu ya umbo la makalio yake. Alifariki Paris mwaka 1815, na hata hapo hakuachwa: wataalamu walimpasua, na mifupa yake ikakaa katika makumbusho ya Ufaransa kwa zaidi ya karne na nusu, hadi aliporudishwa kwao na kuzikwa mwaka 2002. Siwezi kusema kwamba mwanamke wa Newala alitendewa hayo. Lakini jicho lililowatazama wote wawili ni moja, lile linalouona mwili wa mwanamke bila kumwona mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kwamba bibi zetu walitoboa midomo na kuchanja nyuso ili wachukize machoni pa wakamata watumwa. Nilipokuuliza wewe, ulicheka hadi ukakohoa, ukasema kwamba msichana asiye na nembo wakati wenu alikuwa kama mtungi usiochorwa, na kwamba ulivumilia kisu na masizi ya mbarika kwa sababu ulitaka kupendeza. Nimelitafakari sana jibu lako. Hadithi ile ya shuleni inaugeuza urembo wa wanawake kuwa woga wa wanaume wageni, kana kwamba mwanamke hawezi kuufanyia mwili wake jambo lolote isipokuwa kwa ajili ya mwanamume fulani, awe wa kumvutia au wa kumkimbia. Tena tazama, neno nembo leo limo katika karatasi zote za serikali, na nembo ya Taifa inaheshimiwa na kila mtu, ilhali nembo ya usoni pako iliitwa ushenzi.

Juu ya ushenzi nina kisa cha kukuchekesha. Nje kidogo ya mji huu kuna ziwa liitwalo Cospudener See, ambalo zamani lilikuwa shimo la kuchimba makaa ya mawe. Lina sehemu ambapo watu huoga na kuota jua wakiwa uchi kabisa, vijana kwa wazee, na hakuna anayemtazama mwenzake. Mara ya kwanza nilipopelekwa na wafanyakazi wenzangu nilivaa kitenge juu ya nguo ya kuogelea, nikakaa nimeinamisha macho kama mwali aliyetoka ndani jana. Wazungu waliokuja kwetu waliwaambia mama zenu kwamba kifua wazi ni dhambi na dalili ya kutostaarabika. Vitukuu vyao sasa wanaliita jambo hilo hilo uhuru. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwili haubadiliki sana, ila sheria za kuutazama zinabadilika, na mara nyingi sheria hizo hazitungwi na mwenye mwili.

Wanawake wasomi wamelisema hili kwa namna nyingi. Mfaransa Simone de Beauvoir aliandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali huwa mwanamke, na darasa zima lilishangaa ugunduzi huo. Mimi nilinyamaza nikacheka moyoni, maana kungwi yeyote wa Newala analijua hilo: angeona nini haja ya kumweka mwali ndani kama mwanamke angekuwa anazaliwa tayari? Aliyenigusa zaidi ni Mnijeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, ambaye mwaka 1997 aliwapinga Wazungu kwa kupanga kila kitu kwa kutazama maumbile, akidai kwamba kwa Wayoruba wa zamani umri ulikuwa na uzito kuliko jinsia. Nilitaka kumkubali moja kwa moja, kisha nikakumbuka kwetu. Ukoo wetu unafuata mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, lakini anayeamua ni mjomba. Hata kinyago kile cha tumbo la mimba chenye matiti na nembo, ambacho nimekiona kimetundikwa ukutani huku Ulaya, huchongwa na mwanamume na kuvaliwa na mwanamume anapocheza, wakati mwenye tumbo halisi haruhusiwi kujua siri ya kinyago hicho. Kufuata ukoo wa mama si sawa na mama kuwa na kauli.

Sasa nije kwa Mwajuma. Bibi, mtoto huyu ana miaka tisa. Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba enzi zenu msichana hakuingia ndani mpaka avunje ungo. Mwili wake ndio uliotangulia kusema, kisha wanawake wakaitikia kwa ngoma. Leo anayesema kwanza ni mnunuzi wa korosho. Bei ikiwa nzuri, watoto wa miaka saba na minane wanachezwa kwa pamoja ili gharama zipungue na jirani asituzidi kwa shangwe. Wanafundishwa namna ya kujitunza wakati wa hedhi ambayo hawajaiona, na namna ya kumridhisha mume ambaye hawapaswi hata kumwaza. Kisha mtu mzima mwenye tamaa husema, huyu ameshachezwa, ni mkubwa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka kumi na tano kwa ridhaa ya wazazi, iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019: msichana naye angoje miaka kumi na minane kama mvulana. Mjomba akisema kwamba ngoma haihusiani na mahakama, mwambie kwamba zinahusiana kupitia macho ya wanaotazama.

Kuna jambo la kuvuta mashavu ya uke ili yarefuke, na hapa mama mdogo asikohoe. Mimi nilivuta kwa sababu niliambiwa kwamba bila hivyo mume atanirudisha, na kwa miaka mingi niliuona mwili wangu kama kazi isiyokwisha. Wapo wanawake wanaolipenda jambo hilo wakiwa watu wazima, na siwahukumu. Ninachokataa ni kumfanyisha mtoto wa miaka tisa kwa kumtisha. Vivyo hivyo zile nyimbo zinazomfundisha kunyamaza akipigwa. Nyingine zote nazitaka, na hasa vile vitendawili vyako vya mwili, ambavyo vilinipa majina ya kila kiungo bila aibu, jambo ambalo walimu wetu wa sayansi hawakuthubutu. Wagonjwa wangu hapa, wanawake wa miaka themanini, wengine wanashindwa kunitajia mahali panapouma.

Najua utasema kwamba mila haikatwi vipande kama kitambaa. Lakini imekwisha kukatwa. Pale Masasi Askofu Vincent Lucas aliingiza jando ndani ya Ukristo karne iliyopita, na jando likaendelea kuitwa jando. Nembo iliachwa na kizazi chako mwenyewe, kwani hukumchanja mama, na ndonya iliondoka kabla yenu. Na huyo mama mdogo anayesoma, aliyekataa kabisa kuchanjwa kwa kuwa ni ushamba, ndiye anayejipaka mkorogo hadi mashavu yanatofautiana na vidole. (Samahani, mama mdogo. Nakupenda, na dawa ile inachoma ngozi.)

Ombi langu ni kwamba Mwajuma asubiri mpaka avunje ungo, na siku hiyo ikifika umfunde wewe, ndani ya chumba chako, kwa kadiri nguvu zako zitakavyoruhusu. Fedha ambazo ningechangia Desemba nimeziweka. Sehemu itanunua sare na taulo za kike, ambazo serikali iliziondolea kodi mwaka 2018 na kuirudisha mwaka 2019, na sehemu itasubiri ngoma yake. Mjomba atanuna, lakini akinuna mpe chai, atapoa.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Nataka kujua jina la ile mistari ya mashavuni pako na jina la aliyekuchanja, ili niyaandike pembeni ya nakala ya picha niliyoitoa maktaba. Ukiwa radhi, mama mdogo akupige picha moja kwa simu, ukiwa umevaa upendavyo, anitumie. Kama hutaki, nijibu kwamba hutaki, nami sitauliza tena.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Somoe