Barua ya malalamiko: Redio ya simu yangu mmeipeleka wapi?

Kibirizi,
Kigoma.
6 Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA REDIO KWENYE SIMU NILIYOINUNUA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa Agosti 2024, baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha samaki, fedha ya kwanza ya maana niliyoishika niliipeleka kwa wakala wenu wa Mwanga, hapa Kigoma: shilingi 285,000, nikapewa simu yenu. Sikufuata kamera. Nilifuata redio ya FM, iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, na boksi ninalo mpaka leo pamoja na risiti.

Huenda kwenu huko redio ni kitu cha wazee. Sisi tunaondoka jioni, tunawasha taa na kungoja dagaa wapande. Ukishauacha ufukwe mbali, mtandao unakatika. Redio haikatiki: unachomeka waya wa hedifoni, ndiyo antena yake, inakamata bila bando na chaji inakaa. Humo ndimo tunamosikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukitajwa upepo mkali tunageuza boti mapema. Na mpira, sifichi. Simba na Yanga wakicheza usiku hakuna anayesinzia kwenye boti yangu.

Sasa, tarehe 14 Septemba simu ilileta ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu, la kuimarisha usalama. Nikakubali, nani anakataa usalama? Ilipowaka tena, redio haipo. Mahali pake pana programu ya kusikilizia redio kwa intaneti, tena yenye matangazo ya biashara. Ujumbe ule haukutaja redio hata kidogo, na njia ya kurudi toleo la zamani mmeifunga. Fundi ameikagua, anasema chipu ya redio ingali ndani. Mlichotoa ni programu ya kuiamsha.

Wakala wenu akaniambia, "Mzee, hiyo ni programu tu, simu si nzima?" Basi niuzieni mtumbwi na makasia, kisha usiku mje mchukue makasia, asubuhi mniulize kama mtumbwi umetoboka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mtasema siku ya kuuza ililingana. Ni kweli. Lakini sikuikodi redio kwa mwaka mmoja. Nililipa mara moja ikawa yangu, na kukubali usalama siyo kukubali kunyang'anywa.

Kijana wangu amenieleza kwamba hamkuanza ninyi. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony walitoa toleo la 3.21 la programu ya PlayStation 3, mashine yao ya kuchezea gemu, likaondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa kompyuta kama Linux. Aliyelikataa alikosa kucheza mtandaoni. Wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani, na baada ya miaka mingi kampuni ikakubali kulipa. Wao walikuwa na mawakili. Mimi nina boksi na risiti.

Naomba mrudishe redio kwa toleo jingine. Ikishindikana, mruhusu fundi wenu anirudishie programu ya zamani bila kufuta dhamana yangu. Na hilo nalo likishindikana, mchukue simu mnipe fedha yangu. Nawapa siku 21, kisha nitakwenda Tume ya Ushindani.

Mkitaka kunipigia, pigeni siku hizi za mbalamwezi, maana dagaa hawafuati taa na niko nchi kavu. Giza likirudi nitakuwa ziwani, na huko simu yenu haishiki chochote.

Wenu,
Mvuvi wa Kibirizi

Nakala: Wakala wenu, Mwanga