Tukiitaja Haiti, tumtaje na Préval

Kwa Mhariri,

Tangu polisi wetu wa kwanza kutoka Kenya watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024 kusaidia kupambana na magenge, nchi hiyo haitajwi redioni wala gazetini bila magenge hayo. Wachambuzi wanafikia kusema kwamba nchi ile haijawahi kutawalika. Si kweli, na inaniuma kuona René Préval, rais wao wa zamani, amesahaulika kiasi hiki.

Préval alizaliwa mwaka 1943, baba yake akiwa mtaalamu wa kilimo aliyepata kuwa waziri. Enzi za dikteta François Duvalier familia ilihama nchi. Kijana akasomea kilimo Ubelgiji, akaishi New York kwa miaka kadhaa, kisha akarudi nyumbani na kufungua bekari. Mikate yake ilifika kwenye makao ya watoto wa mitaani ya padri Jean-Bertrand Aristide, na urafiki ukaanzia hapo. Aristide alipokuwa rais mwaka 1991 alimteua waziri mkuu, lakini Septemba mwaka huohuo jeshi likawapindua.

Yeye mwenyewe alikuwa rais mara mbili, 1996 hadi 2001 na 2006 hadi 2011. Mihula yote miwili aliimaliza, akamkabidhi aliyechaguliwa, akaenda zake. Mahali ambapo marais wengi walipinduliwa, waliuawa au walitorokea ng'ambo, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Simsafishi. Mwaka 1999 alitangaza kwamba muda wa wabunge umekwisha, akatawala kwa amri. Na baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, lililoua watu zaidi ya laki mbili kwa hesabu ya serikali, wananchi walikaa siku kadhaa bila kusikia neno la maana kutoka kwake. Ikulu ilikuwa imeporomoka, nyumba yake binafsi haikaliki, na serikali ikawa inaendeshwa kutoka kituo cha polisi karibu na uwanja wa ndege. Hata hivyo, watu wale walistahili kusikia sauti ya rais wao.

Lakini tazama kilichofuata. Matokeo ya kwanza ya uchaguzi wa Novemba 2010 yalimwingiza mgombea wa chama chake, Jude Célestin, kwenye duru ya pili. Wataalamu wa Jumuiya ya Mataifa ya Amerika wakasema nafasi hiyo ni ya mwanamuziki Michel Martelly, Marekani nayo ikakaza kamba, na Célestin akatolewa. Mimi naona shinikizo lile la kigeni lilivuka mpaka. Préval hakuleta vifaru barabarani. Mei 14, 2011, katika hafla ambayo umeme ulikatika Martelly akiapishwa, aliuachia utepe wa urais akarudi kuwa raia. Alifariki Machi 2017.

Sisi Wakenya tuliozika watu zaidi ya elfu moja kwa sababu ya kura ya 2007 tunajua kitendo hicho kina uzito gani. Namwomba mwandishi wako atakayeandika tena kuhusu Haiti awaeleze wasomaji habari za mtu huyu, pamoja na makosa yake.

Msomaji wako,
Nakuru