Vipindi viwili vya Ijumaa waachiwe wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Katika vikao vya wazazi huku Temeke kumezuka lawama kwamba wapo walimu wanaowaacha watoto wacheze darasani badala ya kuwafundisha. Mmoja wa walimu hao ni mimi. Naomba nafasi katika gazeti lako nijieleze, kisha nitoe ombi.

Ninafundisha Kemia katika sekondari ya serikali. Kwa ruhusa ya mkuu wa shule, vipindi viwili vya mwisho siku ya Ijumaa, yaani dakika 80, Kidato cha Pili wangu hawanakili notsi. Kila mmoja ana swali alilojichagulia, ameliandika ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, na muda huo ni wa kulihangaikia. Sitoi alama. Muhula ukiisha, kila mwenye swali anasimama mbele ya Kidato cha Kwanza aeleze alichokipata, na wale wadogo hawana simile kwa kuhoji.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya 3M ya Marekani iliwaruhusu watafiti wake tangu 1948 kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mambo yao wenyewe. Google nao, walipokuwa wakiingia soko la hisa mwaka 2004, waliandika kwamba wanawahimiza wafanyakazi watenge asilimia 20. Walimu wa huko wakaliazima wazo hilo, wakalifanya saa moja hivi kwa wiki. Nakiri hadithi za Google hazinisisimui. Mhandisi mwenye mshahara mnono akijichagulia kazi, faida bado ni ya tajiri wake. Kwangu mimi lenye uzito zaidi ni la hapa hapa kwetu. Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjenge kijana awe mdadisi, aweze kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, tena ajiamini. Alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua kazi za shamba la shule zifanywe vipi. Sisi tuliosoma miaka ya themanini tunakumbuka kilichotufikia: jembe, fyekeo, na ndoo za kumwagilia bustani ya mwalimu. Udadisi uliachwa kwenye makabrasha.

Sasa niseme wanachokifanya hao wanaoitwa wachezaji. Binti mmoja aliandika: "Kwa nini maji ya kisima chetu yanamaliza sabuni?" Anayeishi Tandika au Mtoni analijua tatizo hilo: unasugua shati, povu halitoki, mche wa sabuni unakwisha kabla ya wiki. Alileta maji ya visima vya majirani kwenye chupa tupu za maji ya dukani. Akakwangua sabuni ya mche, akaiyeyusha, akaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akawa anadondoshea kila chupa, anatikisa, anahesabu matone mpaka povu likae. Maji ya mvua yalihitaji matone machache, ya kisima chao yakahitaji mengi mno. Akayachemsha, akarudia: tofauti ndogo sana. Akanifuata ananong'ona kwamba bibi yake huwa anatia magadi kwenye maji ya kufulia, je, ajaribu? Alijaribu, povu likafura mpaka kifunikoni. Ugumu wa maji, yaani maji kukataa povu la sabuni, ni mada ya Kidato cha Tatu. Sikumfundisha, ila alipouliza magadi yamefanya nini ndani ya chupa nilichukua chaki, na siku hiyo nusu ya darasa waliacha ya kwao wakaja kusikiliza.

Aliandika kwa Kiswahili, nami niliruhusu. Wiki nzima watoto hawa wanafundishwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakimudu, na wamejifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza. Ijumaa wanaongea mpaka mwalimu wa darasa la jirani anakuja kugonga mlango.

Nisije nikaonekana ninapamba. Wiki za mwanzo wengi walikaa kunitazama, wanangoja nitaje swali waliandike. Yuko aliyetaka kuunda ndege isiyo na rubani, akaishia na feni ya mota ya redio mbovu. Yuko aliyebadili swali kila Ijumaa mpaka muhula ukaisha hana lolote, akasimama mbele ya Kidato cha Kwanza akasema hivyo hivyo. Hao siwahesabii hasara. Kunakili notsi za mada ambayo hakuielewa hakumpi mtoto zaidi ya hapo, isipokuwa daftari huonekana limejaa.

Wazazi huniuliza: kama ni jambo jema, kwa nini lisifanywe nyumbani, darasani wakafundishwa? Hapa ndipo naomba nisikilizwe zaidi. Kila mwenye mtoto sekondari anaijua "projekti". Mtoto anaagizwa ailete, mzazi anachomoa elfu kumi, kibanda cha stationari kinachapa kazi ile ile kiliyomuuzia mwenzake jana, jina tu ndilo limebadilishwa. Mwenye nacho anapata iliyojaladiwa kwa plastiki. Tena nyumbani kuna maji ya kuchota, wadogo wa kulea, na genge la mama la kuuza mpaka saa tatu usiku. Binti wa visima asingepata hata meza ya kupangia chupa zake. Darasani wote wana dakika zile zile, na kila kazi inafanyika machoni pangu. Ndiyo maana sitaki pia igeuke kuwa alama: siku itakapoingizwa kwenye alama za maendeleo, stationari watakuwa nayo Jumatatu.

Tunayo maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo kwa zaidi ya miaka 10 yamewapa vijana wetu jukwaa la kuonyesha tafiti zao, na ninayaheshimu. Lakini shule hupeleka wanafunzi wachache, kwa kawaida wale wale wanaong'ara. Darasa langu lina zaidi ya watoto 70, na anayekaa nyuma kabisa ana maswali pia.

Wingi huo ni mzigo kweli. Siwezi kusoma kaunta buku zote kila wiki, nazisoma kwa mafungu. Na Kidato cha Nne siwagusi; mwaka wa mtihani wa taifa waachwe na pasti pepa zao, sina ugomvi na hilo.

Ombi langu ni dogo. Asilimia 20 ya wiki ingekuwa siku nzima ya masomo. Siombi siku nzima. Naomba Wizara na Taasisi ya Elimu Tanzania waruhusu kwa waraka vipindi viwili kwa wiki, Kidato cha Kwanza mpaka cha Tatu, vitajwe kwenye ratiba kwa jina lao, na shule isiyotaka isilazimishwe. Mtaala tangu 2005 unasema unajenga umahiri, kwa hiyo hakuna sera ya kubadilisha. Leo mwalimu anayejaribu jambo hili anaandika "marudio" kwenye andalio la somo, kwa sababu mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia akakuta mmoja anatikisa chupa, mwingine anafungua redio, na ubao hauna kitu, ataandika kwamba darasa halikuwa na kipindi. Waraka wa ukurasa mmoja, wenye nakala kwa wathibiti ubora wa kila wilaya, ungetuondolea hilo kabla ya muhula ujao.

Mwalimu wa Kemia,
Temeke, Dar es Salaam