Kwenye ajali tunangojeana

Mhariri,

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané huko New York waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mwenzao aliyeonekana kushikwa na kifafa chumba kingine. Kati ya waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti haijakatika. Waliodhani wapo wengine wanne, asilimia 31 tu. Walionyamaza hawakuwa na roho mbaya, wengi walikuwa wakitetemeka!

Sisi waendesha boda wa Arua, Uganda, tunaliona hilo kila ajali: umati, simu juu, majeruhi chini. Wenyeviti wa steji watufundishe kumtaja mtu mmoja: “Wewe mwenye koti jekundu, piga 999! Wewe mama, zuia magari!”

Mwendesha boda,
Arua