Kano "nzima" kwenye MRI inaweza kuwa imelegea

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya nimeusoma miaka mingi bila kuandika neno, hata pale palipokosewa. Taarifa yenu ya majuzi kuhusu majeraha ya goti imenishinda. Mwandishi anasema eksirei za mkazo, yaani zile zinazopigwa goti likisukumwa, ni mambo ya kizamani yaliyopitwa na MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), na kwamba kulisukuma goti wakati wa kupiga picha ni kumtesa majeruhi bure. Msomaji akiyashika hayo, atakaa miaka na goti linalomwangusha kwenye ngazi huku ana karatasi inayosema kano zake zote ni nzima.

MRI hupigwa mtu amelala na goti limetulia. Inaonyesha umbo la kano, meniski (vile vikingo kati ya mifupa ya goti) na gegedu, na kwa hayo haina mpinzani. Lakini kano ya msalaba ya nyuma, ile ya ndani ya goti inayozuia muundi usirudi nyuma, ikikatika, mara nyingi huunga yenyewe, tena huunga ikiwa imerefuka. Baada ya miezi kadhaa MRI inaonyesha ukanda mweusi usio na pengo, na ripoti inaandikwa "nzima". Kamba ya kuanikia iliyolegea nayo haijakatika, ila nguo zinaburuza chini. Eksirei ya mkazo inapima kitu kingine kabisa: mifupa ikisukumwa, inaachana kwa milimita ngapi?

Kwa kano ya ubavu wa nje, mgonjwa hulala chali, goti likunjwe nyuzi 20 juu ya mto wa sponji, paja lizuiwe lisizunguke, kisha mguu usukumwe kwenda ndani ili upande wa nje ufunguke. Nyuzi 20 zina sababu. Goti likinyooka kabisa, kano za msalaba na mfuko wa nyuma wa kiungo hulibana, na kano iliyokatika peke yake hujificha. Likifunguka wazi hata limenyooka, ujue zimeumia zaidi ya moja. Upimaji uliofanywa kwa kukata kano moja moja kwenye magoti ya maiti ulionyesha kwamba upande wa nje ukifunguka takriban milimita 2.7 zaidi ya goti lisiloumia, kano ya ubavu huo imekatika yote. Ikifika 4, kona nzima ya nyuma na nje imeharibika. Ubavu wa ndani, kwa nyuzi hizo hizo 20, kipimo ni takriban 3.2. Kwa kano ya msalaba ya nyuma, mgonjwa hupiga goti kwenye ubao wenye sponji, pembe iwe nyuzi 90, uzito ukae kwenye muundi chini kidogo ya pia ya goti, na pia yenyewe ining'inie nje ya ubao. Mfupa wa muundi ukirudi nyuma milimita 8 zaidi ya upande wa pili, kano imekatika. Ukifika 12, kuna kano nyingine iliyokwenda nayo.

Zaidi ya upande wa pili! Hapo ndipo mwandishi wenu alipoharibu zaidi, maana alitaja goti "lililofunguka milimita 9" akaishia hapo. Tisa kwa pembe gani? Kwa nguvu kiasi gani? Lile goti jingine lilifunguka ngapi? Wapo watu ambao magoti yao yote mawili ni malegevu tangu kuzaliwa, na kwao 9 kwa 8 si jeraha. Kuna picha ya kupiga goti iliyoletwa na ripoti ya milimita 5, "kano ya nyuma imechanika kidogo". Vile vichwa viwili vya mfupa wa paja, ambavyo kwenye picha ya ubavuni vinapaswa kufunikana, vilikuwa vimeachana upana wa kidole. Goti lilikuwa limezunguka, na mgonjwa alikuwa ameegemea mguu usioumia kwa kuogopa maumivu. Iliporudiwa goti likiwa limekaa sawa na uzito umeshuka wote, tofauti ikawa 10. Mashine haikubadilika, wala goti halikubadilika. Na kano ya nyuma isipotambuliwa, balaa linaendelea: muundi umeshalala nyuma, daktari akiuvuta mbele unasogea sana, naye anadhani kano ya mbele ndiyo iliyokatika. Mtu anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji kwa kano isiyo na kosa.

Ni kweli picha hizi zina wakati wake. Goti lililoumia jana, limejaa damu, misuli imekaza, litatoa namba ndogo ya uongo. Linyonywe damu na kutiwa ganzi, au lisubiri. Eksirei ya kawaida itangulie, kwa sababu mfupa uliovunjika hausukumwi. Mtoto ambaye bado anakua asisukumwe, kwani sahani ya ukuaji, yaani sehemu ambako mfupa hurefukia, inaweza kufunguka badala ya kano. Goti lililowahi kuteguka kabisa likapimwe kwanza mshipa wa damu nyuma yake. Anayesukuma kwa mikono avae glavu na aproni ya risasi, la sivyo itumike mashine ya kusukuma, ambayo mara nyingi hupangwa nyutoni 150 (nyutoni ni kipimo cha nguvu).

Na fomu za kuombea picha je? "Eksirei ya goti, linauma." Basi! Haisemi kulia au kushoto, haisemi aliumia lini wala daktari anashuku kano ipi. Mpiga picha anafanya la kubahatisha, na lawama zinamwangukia yeye. Ningependa kila fomu ipigwe muhuri wenye nafasi sita za kujaza: upande, siku tangu kuumia, kano inayoshukiwa, pembe, nguvu, na kama ganzi imetiwa. Ikiwa na nafasi tupu hata moja, irudishwe kwa aliyeiandika, na picha ya goti moja bila mwenzake isisomwe.

Nanyi naomba mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Andikeni nyuzi 20 na nyuzi 90 kwa tarakimu. Mkiandika "goti likunjwe kidogo", kuna mtu atalikunja nyuzi 45, na picha yake haitalinganishwa na yoyote.

Msomaji wenu wa siku nyingi