Kabla Hujapanda Ndege

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Nyanyako miguu inamsumbua lakini mdomo uko palepale, na joto limeshaanza. Ukija Disemba utaikumbuka hiyo baridi unayoilalamikia kila siku.

Nakuandikia kwa sababu ya yale maneno ya juzi kwenye simu. Ulisema huko Ujerumani bangi ni ruhusa, mtu anatembea nayo mfukoni na polisi anampita, na mimi niache ushamba. Haya, nimekaa nikasoma. Ni kweli, tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu wa miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa huko kutembea na gramu 25, kuweka 50 nyumbani na kupanda miche mitatu. Lakini nusu ya pili ya sheria hukunisomea. Huvuti mbele ya mtoto. Huvuti karibu na shule wala uwanja wa kuchezea watoto, na kwenye ile mitaa ya waenda kwa miguu huvuti kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Kuuziana bado ni kosa: ama ujipandie, ama ujiunge na chama cha wakulima wake. Dereva wa chini ya miaka 21 hatakiwi kuendesha gari akiwa nayo mwilini hata chembe, ila wewe leseni huna, basi hilo tuliache. Na kuvuka nayo mpaka ni kosa, hata iwe gramu moja.

Huko kwenu hakunikoseshi usingizi. Wasiwasi wangu ni hapa Mombasa, na wiki tatu utakazokaa na wenzako wa maskani.

Kazi yangu unaijua. Nasimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nafasiri. Jumatatu ndiyo siku ya vijana, wale waliokamatwa Ijumaa usiku na Jumamosi. Kidhibiti huletwa kwenye bahasha ya kaki: misokoto iliyofungwa kwa karatasi ya daftari, mingine bado ina mistari ya hesabu za mtoto wa shule. Namsomea kijana shtaka lake kwa Kiswahili, na hata sijalimaliza keshajibu, "Ni kweli." Ukimwangalia unajua kabisa nani kamfunza. Rumande kaambiwa ukikubali haraka unapewa huduma ya jamii, unafagia uwanja wa chifu, unakwenda zako. Pengine ndivyo itakavyokuwa. Lakini keshatiwa hatiani, na alama zake za vidole ziko kwa polisi. Wewe cheti cha tabia njema ulikichukua kabla ya viza, wajua kinavyoulizwa. Muuguzi huulizwa tena na tena.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana hata watu wazima hulikosea. Kenya haina gramu 25. Haina hata moja. Hakuna kiasi ambacho sheria inasema hiki ni chako, tembea nacho. Wale wanaosema msokoto mmoja si kesi, wanasema tu. Sheria yetu ni ya 1994, na zamani mtu aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe alikuwa anakabiliwa na miaka 10. Mwaka 2022 wakaibadilisha: sasa ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Nafuu ipo. Lakini nafuu hiyo ni ya yule atakayeiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake peke yake. Kazi ya kuridhisha ni yako wewe uliye kizimbani, si ya kiongozi wa mashtaka. Yeye atauliza tu mbona misokoto ilikuwa imegawanywa sawasawa, na hizo noti za hamsini hamsini ni za nini.

Usipoaminika, unasogezwa kwenye ulanguzi wa dawa za kulevya, na huko hesabu nyingine. Kwa gramu zisizozidi 100 sheria inataja faini ya shilingi milioni 30 au miaka 30 jela. Zikizidi hapo, milioni 50 au miaka 50. Nyumba yetu na kiwanja chake haifiki hata robo ya hizo.

Na mlanguzi wewe unamfikiria yule mwenye gari la vioo vyeusi. Sheria haimfikirii hivyo. Ndani ya tafsiri ya ulanguzi wameweka kuuza, kununua, kuhifadhi, kusafirisha, kuingiza nchini, na pia kumpa mtu. Kumpa tu, bila senti. Kwa hiyo ukimpokeza mwenzako msokoto, au ukimbebea mfuko kwenye tuktuk kutoka Kisauni hadi Bombolulu kwa sababu ni rafiki, neno hilo linakuhusu. Na ukija na zawadi ya namna hiyo ndani ya sanduku, huna la kumwambia hakimu kuhusu Hamburg. Sheria ya huko inaishia huko.

Kosa jingine wengi hawalijui: kukutwa bila sababu ya maana mahali ambapo watu hukusanyika kuvuta. Hata kama mkononi una soda. Vijana wa maskani wanapigwa msako wote kwa pamoja, na kueleza wewe ulikuja kusalimia tu ni kazi ya baadaye.

Utasema ni uonevu, kwamba muguka, yale majani ya kutafuna, unauzwa mchana kweupe sokoni Kongowea. Kweli unauzwa. Gavana aliupiga marufuku hapa Mei 2024, mahakama ikalisimamisha agizo lake. Kama waniuliza mimi, sheria yetu ya bangi ni nzito mno kwa mtoto wa msokoto mmoja, na nimewaona wengi wakienda jela ya Shimo la Tewa kwa kukosa faini tu. Lakini mimi situngi sheria, naifasiri.

Likikufika la kukufika, Mungu apishe mbali, usibishane na askari na usikimbie. Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki ya kuambiwa kosa lako kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kumpata wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa zikiisha mahakama imefunga, basi siku ya kazi inayofuata. Dhamana ni haki yako isipokuwa kuna sababu nzito ya kukunyima. Ukilipa dhamana ya pesa kituoni, dai risiti. Asiyetoa risiti anakuomba kitu kingine, na kumpa ni kosa la pili. Na shtaka likisomwa usiseme "ni kweli" mpaka uongee na mjombako wakili. Namba yake iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Mamako