Mwacheni mtoto anywe uji wenye soya

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lenu. Mimi nasaga na kuuza unga wa lishe hapa Ngamiani, Tanga, na siku hizi akina mama wanakuja wananiambia dada nitolee soya, mwanangu wa kiume, nimesikia ina homoni za kike ataota maziwa. Wengine washaacha kabisa, mtoto anashindia uji wa dona mtupu, na hilo ndo linaniuma.

Jamani, ni kweli soya ina vitu vinavyofanana na homoni ya kike, vinaitwa isoflavoni, ila nguvu yake ni ndogo mno ukilinganisha na homoni yenyewe ya mwilini. Wanaotisha watu wanataja kondoo wa Australia miaka ya 1940, walikula majani ya klova, nayo yana isoflavoni, wakawa hawashiki mimba, na kweli ilitokea, lakini kondoo wale chakula chao kikubwa kilikuwa hayo majani na tumbo la kondoo linayageuza kwa namna yake, sio kama letu. Kwa wanaume wenyewe, mwaka 2021 watafiti walizipitia kwa pamoja tafiti 41 wakakuta soya haishushi homoni ya kiume. Wachina na Wajapani wanaila enzi na enzi na wanazaa.

Pa kuangalia papo. Mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, maziwa ya soya asipewe mpaka daktari aseme, maana akiyategemea hayo peke yake anaingiza isoflavoni nyingi sana kwa kimwili chake kile kidogo. Anayemeza dawa za tezi ya shingo asizimeze pamoja na uji wa soya, zinashindwa kuingia vizuri mwilini.

Halafu soya mbichi. Hii ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, ndo maana mimi naichemsha, nafikicha maganda, naanika, halafu naikaanga mpaka ile harufu ya ubichi iishe na punje ikivunjwa iwe kavu mpaka ndani. Wanaosaga mbichi kwa kubania mkaa ndo wa kusemwa, maana mtoto anajaa gesi anaharisha halafu lawama inaenda kwenye homoni.

Naomba mumtafute afisa lishe aandike hili kwenye ukurasa wenu wa afya, kwa lugha nyepesi, na aseme wazi kiasi gani cha soya kiwekwe kwenye kilo ya unga, maana kila muuzaji anapima kivyake.

Muuza unga wa lishe, Ngamiani, Tanga